Klachi Inayoteleza na Breki Inayoshika



Wiki hii nimeletewa suali na mama mmoja, nami nimeona jawabu lake lawafaa wazazi wengi, kwa kuwa magari haya siku hizi yaingia majumbani mwetu kila jamaa anaporudi safari ya Ghuba. Mama ameandika hivi:

"Sheikh, shemeji yangu alimletea mwanangu gari la rimoti la umeme kutoka Dubai. Katika miezi mitatu gia yake imevunjika meno mara tatu, na kila mara twanunua nyingine. Sasa kijana ataka nimnunulie klachi mpya na breki za diski, asema bila ya vitu hivyo gari halitatulia. Je, hii ni haja ya kweli, au ni tamaa ya ujana tu?"

Mama yangu, suali lako ni zuri, na jawabu lake kwa mukhtasari ni hili: klachi ni haja ya kweli, lakini huenda gari la mwanao tayari lina klachi, na kilichokosekana ni kuirekebisha tu. Ama breki za diski, kwa gari la kiasi hicho si haja. Zina magari yake, nayo nitayataja. Nawaomba mnivumilie nieleze sababu, kwani mzazi anayeijua sababu hatadanganywa na muuzaji wala kusukumwa na kijana.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani

Mchezo huu si wa jana. Kampuni ya Kijapani ya Tamiya ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, mfano wa Porsche 934. Tangu wakati huo magari haya yamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vijigari vya dukani vya watoto wadogo, ambavyo vikivunjika havitengenezeki. Fungu la pili ni magari ya kujengwa na kufunguliwa: kila gia, kila beringi na kila skurubu yake huuzwa mbalimbali. Hutajwa kwa ukubwa wake. Lile liitwalo moja kwa kumi ni sehemu moja ya kumi ya gari halisi, na moja kwa nane ni kubwa na zito zaidi.

Kwa kuwa gari la mwanao lauziwa gia, bila shaka ni la fungu hili la pili, na hapo neno mchezo lataka kuangaliwa vyema. Gari la kilo 4 likienda kilomita 36 kwa saa hubeba nguvu sawa na jiwe la uzito huo lililoangushwa kutoka mita 5, yaani dari ya ghorofa ya kwanza. Likienda kilomita 72 kwa saa, na mota nyingi za sasa zaweza, basi ni kama jiwe hilo limeangushwa kutoka mita 20. Mwendo umezidi mara mbili tu, nguvu ya pigo imezidi mara nne. Ndiyo maana nasema suali la klachi na breki si suali la anasa. Ni suali la miguu ya watoto wanaosimama kando kutazama.

Klachi ni mbili, wala hazifanani

Sote twaijua klachi kwa gari kubwa. Dereva wa matatu anayengoja kupanda kutoka kivuko cha Likoni huikanyaga klachi ili injini izunguke peke yake na gari lisimame. Akiiachia polepole, gari lapanda. Injini ya mafuta haina budi kuwa na kitu hicho, kwa sababu ikisimamishwa huzimika.

Magari ya rimoti yatumiayo mafuta nayo yana klachi ya kazi hiyo. Ndani yake mna viatu vidogo vilivyozuiliwa na springi. Injini ikizunguka polepole viatu hukaa ndani, na ikiongeza kasi hurushwa nje vikaushika mduara wa nje na kuliendesha gari. Kijana akimwona rafiki yake na gari la mafuta lenye klachi hiyo, hudhani lake la umeme nalo laitaka. La hasha. Mota ya umeme haizimiki ikisimama. Huanza kuvuta kutoka sufuri, na gari likisimama nayo yasimama. Zaidi ya hayo, kuiweka klachi ya viatu katika gari la umeme huleta hasara: mwendo ukipungua viatu hurudi ndani, mota yaachana na magurudumu, na breki ya umeme ambayo nitaieleza hapa chini yapotea papo hapo. Asikushawishi mtu kuinunua.

Klachi inayolifaa gari la umeme ni ya namna nyingine, nayo vijana huiita slipa. Tafadhali msiichanganye na slipa za kuogea! Imekaa juu ya gia kubwa inayopokea mzunguko kutoka kwenye gia ndogo ya mota. Pembezoni mwa gia hiyo pana pedi zinazobanwa na sahani ya chuma, na juu ya sahani pana springi na nati. Siku zote hushika, ila mzigo ukizidi kiasi huteleza kidogo, kisha hushika tena. Kazi yake ni huko kuteleza.

Tazameni gari linaporuka tuta. Likiwa hewani magurudumu hayana kizuizi, na kijana hajaondoa kidole kwenye rimoti, basi yazunguka kwa kasi ya ajabu. Linapotua, ardhi huyakamata magurudumu ghafla, ilhali mota bado imo katika mbio zake. Pigo lote hilo hukimbilia mahali pamoja: meno mawili au matatu ya gia ya plastiki. Slipa ikiwapo na ikiwa imefungwa sawasawa, pigo huishia katika kuteleza. Isipokuwapo, au ikiwa imekazwa mpaka mwisho, meno yakatika.

Na hapa ndipo ninapomshuku mwanetu. Vijana wengi huikaza nati ya slipa mpaka isisogee tena, wakitaka gari liondoke kama risasi. Huondoka kweli, lakini gharama yake hulipwa na mama.

Mambo ya kufanya kabla ya kutoa pesa

Mwambie mwanao aanze kwa kuchomoa betri. Hili lisifanyiwe mzaha, kwani gia zilizo wazi na betri iliyounganishwa zaweza kuumiza vidole vibaya mno. Kisha afuate mambo matatu kwa mpango huu.

La kwanza ni kutazama namna gia mbili zinavyokutana. Zikibanana sana hupiga kelele na kupata moto, zikiachana sana meno hugusana kwa ncha na kukatika. Mafundi wana hila nyepesi: huweka kipande cha karatasi ya daftari baina ya gia mbili, huisukuma mota mpaka karatasi ibanwe, hukaza skurubu za mota, kisha huizungusha gia karatasi itoke. Nafasi inayobaki ndiyo itakiwayo. Gia ikivunjika mara tatu, mara nyingi sababu ni hii, au skurubu za mota zilizolegea zenyewe.

La pili ni kuitafuta slipa. Magari mengi ya nje ya barabara ya moja kwa kumi hutoka kiwandani nayo. Ikionekana nati yenye springi katikati ya gia kubwa, basi mnayo, wala hapana haja ya kununua nyingine.

La tatu ni kuirekebisha. Kitabu cha gari ndicho mwalimu wa kwanza. Kisipokuwapo, njia iliyozoeleka ni kuikaza nati mpaka springi ibanwe yote, kisha kuilegeza robo mzunguko hadi nusu. Gari liwekwe kwenye ardhi kavu yenye kushika, lipewe nguvu yote kwa ghafla kutoka kusimama. Slipa iteleze kiasi cha sentimita 30 hadi 60, isikike kama sauti nyembamba ya kulalama, kisha ishike. Isipoteleza kabisa, ilegezwe kidogo. Ikiteleza njia nzima, ikazwe, kwani slipa iliyolegea mno huunguza pedi na kuyeyusha gia, na harufu yake hufika mpaka jikoni.

Akishayafanya hayo na meno bado yakatika, ndipo wakati wa kununua. Katika kuchagua, atazame uzito wa gari na nguvu ya mota. Gari jepesi lenye mota ya brashi hutosheka na slipa ya pedi moja. Mota isiyo na brashi yenye nguvu, au gari zito, lataka slipa ya pedi mbili au tatu, kwa kuwa eneo kubwa la kusuguana hugawanya moto. Na atazame kama pedi zake huuzwa peke yake, kwa sababu pedi ndizo zinazokwisha. Slipa nzuri isiyo na pedi za akiba ni kama cherehani isiyo na sindano.

Neno moja zaidi kuhusu gia. Atakuja mtu amwambie, "Weka gia ya chuma, haivunjiki." Ni kweli haivunjiki upesi, lakini pigo halipotei. Litahamia kwenye shafti au kwenye difu, navyo ni ghali zaidi na vimefichika zaidi. Gia ya plastiki ni rahisi kununua na rahisi kubadilisha. Iacheni ibaki kuwa mahali dhaifu, na kazi ya kuilinda mwachieni slipa.

Breki: gari la umeme tayari linayo

Wazazi wengi hawajui kwamba gari la umeme hujizuia kwa mota ileile inayolikimbiza. Kijana akisukuma kidole kinyume, kifaa kidogo kiitwacho kidhibiti mwendo huigeuza mota kuwa kama jenereta: magurudumu sasa ndiyo yanayoizungusha mota, na mota yakataa kuzungushwa. Gari lapungua mwendo. Hakuna pedi ya kuisha, hakuna waya wa kuvuta, na nguvu ya breki huongezwa au kupunguzwa kwa kukipanga kidhibiti chenyewe.

Breki hii ina aibu zake tatu. Kwanza, hupungua nguvu kadiri gari linavyokaribia kusimama, basi kwenye mteremko gari laweza kujivuta. Pili, moto wote wa kuzuia huingia ndani ya mota na kidhibiti, na gari zito likizuiwa mara kwa mara vyote viwili hupata moto kupita kiasi. Tatu, breki hii hupitia gia na slipa kabla ya kuyafikia magurudumu. Basi slipa ikilegezwa mno, breki nayo hulegea. Kila mara slipa inaporekebishwa, breki ijaribiwe upya mahali pa wazi.

Na katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, breki ya mota hushika nyuma tu. Likizuiwa kwa nguvu kwenye kona, mkia huzunguka, mithili ya gari lililovutwa hendibreki likiwa mbioni. Dawa yake si kununua diski. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya breki katika kidhibiti, na kumfundisha kijana azuie kabla ya kona.

Kwa gari la moja kwa kumi, mama, hii yatosha.

Nani basi azitake breki za diski?

Kuna magari mazito ya moja kwa nane na ya moja kwa tano, na hususan yale yaliyozaliwa na injini ya mafuta, kisha vijana wakaitoa injini na kutia mota. Magari hayo aghalabu huwa na diski mbili katikati, moja kwa shafti ya mbele na moja kwa shafti ya nyuma, na savo huvuta vijiti vya kuzibana pedi. Mwenye gari kama hilo namshauri asizitupe breki zake kwa haraka. Zina faida mbili ambazo mota haina. Hushika baada ya klachi, hivyo hazitegemei kuteleza kwake. Na mbele na nyuma hupangwa mbalimbali.

Kupanga kwenyewe ni hivi. Uzito wa gari likizuiwa hukimbilia mbele. Breki ya mbele ikizidi, magurudumu ya mbele hufunga na usukani hautii. Ya nyuma ikizidi, mkia hutangulia. Aanze kwa kuzilinganisha, alizuie gari kwenye njia iliyonyooka, kisha aongeze au apunguze kidogokidogo mpaka lisimame bila kwenda upande na bila kufunga magurudumu. Breki ikiachiwa, gurudumu lizungushwe kwa mkono. Likisuguana, pedi ziko karibu mno, na betri itakwisha upesi bure. Diski za chuma huvumilia moto na hudumu, za nyuzi ni nyepesi lakini huisha mapema. Pedi zisiguswe na mafuta hata tone.

Magari haya ya moja kwa nane kwa kawaida hayana slipa. Badala yake yana difu ya katikati iliyojazwa mafuta mazito ya silikoni, nayo hulegeza pigo kwa kuupeleka mzunguko mahali penye wepesi. Kwa hiyo mwenye gari hilo asihangaike kutafuta slipa.

Anayeziunganisha diski na mota ya umeme azingatie mambo manne. Breki ya mota izimwe katika kidhibiti, ili breki mbili zisigombane. Kurudi nyuma nako kuzimwe, la sivyo kidole kilekile kitavuta diski na kuirudisha mota nyuma kwa wakati mmoja. Savo ya breki ichukue amri kutoka mkondo uleule wa mwendo, kwa waya wenye matawi mawili. Na umeme unaolisha savo utoshe, kwa kuwa sasa savo ni mbili, ya usukani na ya breki, na zikivuta pamoja umeme dhaifu huanguka na gari kupoteza akili.

La mwisho katika mlango huu ni la lazima kwa kila gari: kipokezi kipangwe ili rimoti ikipotea, mwendo urudi sufuri au breki ishike. Alijaribu hilo gari likiwa limeinuliwa juu ya kibao, magurudumu hewani, kwa kuizima rimoti. Siku nyingine zote, rimoti huwashwa kwanza kabla ya gari, na gari huzimwa kwanza kabla ya rimoti.

Mkimwagiza jamaa ng'ambo

Usimpigie shemeji simu ukasema tu "niletee klachi". Mwandikie jina na nambari ya gari, idadi ya meno ya gia kubwa na ya gia ndogo, ukubwa wa meno kama ulivyoandikwa kwenye gia au kitabuni, na unene wa shafti kwa milimita. Gia za ukubwa tofauti wa meno hukaribiana kwa macho lakini hazilingani, na kosa hilo huonekana baada ya ndege kutua.

Sisi wa pwani tuna jambo letu pia. Ufuo maji yakipwa ni uwanja mpana wenye kuvutia, lakini mchanga ukiingia baina ya pedi husaga kama msasa, na chumvi hula beringi na diski za chuma. Akichezea ufuoni, alipanguse gari kwa brashi kavu jioni ileile. Uwanja wa udongo uliokauka ni bora.

Na uwanja huo uwe wa wazi. Kwenye udongo wa kawaida gari likienda kilomita 36 kwa saa lataka kiasi cha mita 10 kusimama hata breki ikiwa nzuri, na likienda 72 lataka kiasi cha mita 40, mbali na hatua zinazopotea kabla kidole hakijatambua. Vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, ambamo watoto hutoka mlangoni wakikimbia, si mahali pake.

Basi, mama, usimkatalie mwanao, wala usimkubalie yote. Mpe spana, karatasi ya daftari na jioni moja, umwambie akuoneshe slipa iko wapi na nati yake imelegezwa kiasi gani. Akiweza kukueleza kwa nini kitu kinachoteleza kidogo hudumu kuliko kilichokazwa mpaka mwisho, amekwisha kuwa fundi kuliko rafiki zake wengi. Na gia ya nne, ikivunjika, ainunue kwa akiba yake mwenyewe.